Kiti cha Mama katika Nchi ya Yakini

Sogeeni kidogo, mkeka una nafasi, na wewe uliyesimama mlangoni ingia, usitukatie upepo. Habari ya leo ni ya Mishi wa Kibokoni, mpishi wa shughuli, yule ambaye harusi ikipikwa na mwingine watu hula kwa adabu tu. Mnamjua. Asiyemjua, yeye anamjua, na anajua hata nguo aliyoolewa nayo mamake iliazimwa kwa nani. Mishi ni mtu wa watu. Nyumba yake haijalala bila mgeni, na habari ya mtaa ikichelewa kumfikia hununa kama aliyenyimwa haki yake.

Basi Mishi huyu alikwenda nchi ya Yakini. Alifikaje, msiniulize, vumbi la njiani mnalijua. La maana ni kilichompeleka. Mdogo wake aliyemfuatia ziwa, Mwanasha, aliolewa huko zamani na mwanamume wa huko aitwaye Fakii, wakapata binti, Tima. Tima sasa alikuwa anaolewa, na salamu alizomtumia Mishi zilikuwa fupi: "Mama Mkubwa, njoo ukalie kiti cha mama."

Harusi ya Wayakini haina mbwembwe nyingi, lakini ina kiti. Bibi harusi hupiga magoti mbele yake, na aliyekikalia humvisha koja la asumini nyweleni. Kiti kikiwa kitupu, bibi harusi hatoki. Kwa binti yatima hukaa mamake mkubwa au shangazi, na watu hujifuta macho. Lakini Mwanasha hakuwa amekufa. Alikuwa hai, ana meno yake yote, na kati ya nyumba yake na ukumbi wa harusi palikuwa na soko tu. Mishi alipopata salamu zile alikaa chini, akanyamaza hadi chai yake ikapoa. Kibokoni hawajasahau siku hiyo.

Mpakani alipokewa na afisa mwenye koti lililopigwa pasi hadi linakata.

"Una yakini wewe ni Mishi?"

"Nimekuwa Mishi tangu kuzaliwa, mwanangu."

"Sikukuuliza hilo. Umekuja kukaa siku nyingi?"

"Labda hadi harusi ipite."

Afisa alirudi nyuma kama aliyemwagiwa maji. Akamweleza, kwa sauti ya chini na yenye heshima, kwamba neno "labda" halisemwi Yakini. Kuna sheria. Anayelitamka hadharani hupelekwa sokoni, akasimama juu ya jiwe na kusema "hakika" hadi sauti imkauke. Mgeni husamehewa mara ya kwanza.

Mishi alisamehewa, akaingia mjini akitazama kila kitu kwa macho ya mtu atakayesimulia. Na alipendezwa, siwafichi. Mitaa imenyooka, na kila mtu akitoka nyumbani alikuwa akigeuka, akaushika mlango, akaondoka, akageuka tena. Mishi alidhani ni mapenzi, kwamba watu hawa huaga nyumba zao kama wanavyoagwa mahujaji. "Hawa ni watu makini," alijisemea. "Nikirudi nitawasema akina mama wa kwetu wanaoacha milango wazi."

Kila mlango ulikuwa na Msaili wake, mtumishi wa serikali mwenye kofia na kigoda, kazi yake ni swali moja: Una yakini? Ukitoka atakuuliza kama umefunga, umezima, umenawa, umesema vizuri, hukumkosea mtu. Sheria inataka ama urudi ukatazame, ama jamaa yako akuapie. Msaili halipwi mshahara wala hapewi wali. Chakula chake ni majibu. Jibu likitoka tu, koo lake hucheza kama la mtu anayemeza tende.

Katika nyumba nyingi Msaili ni kijitu chembamba kama mpini wa mwavuli. Huuliza mara moja, mwenye nyumba humpungia mkono, "Aa, niache bwana," akaenda zake, na Msaili akarudi kusinzia. Hilo halimsumbui mtu. Lakini zipo nyumba ambamo Msaili alijibiwa, akajibiwa vizuri, akajibiwa kila saa, na humo alinenepa. Nyumba hizo serikali huzipa kibao cha shaba cha kupachikwa juu ya mlango: Nyumba Makini. Watu wa Yakini hujivunia vibao hivyo kuliko watoto wao.

Kibao cha nyumba ya Mwanasha kiling'aa kuliko vyote mtaani.

Ndani haikung'aa. Mishi alitarajia nyumba ya kulamba sakafu, akakuta nguo zimelundikana, vyombo vimekauka na mabaki, vumbi juu ya kabati. Kitu kimoja tu kilikuwa safi kupita kiasi, jiko la gesi. Na mbele yake alisimama Mwanasha, mkono juu ya kitufe, macho yamezama. Yule Mwanasha aliyekuwa akiingia ngomani wengine wanatafuta pa kukaa.

Msaili wake hakukaa kigodani tena. Alikuwa amelalia kochi lote, vifungo vya koti vimekatika, sauti laini kama ya mposaji.

"Umezima, Mwanasha. Lakini una yakini? Nyumba ya pili ina watoto. Gesi haina macho, haichagui. Wakifa, nani kawaua? Au ndivyo unavyotaka?"

Mishi alikuwa hajatua hata mzigo. Alichomoa mwiko wake wa pilau, maana hasafiri bila huo, akamtandika Msaili mgongoni, akamburura hadi barabarani na kumfungia mlango.

"Kwisha," alisema, akijifuta jasho. "Nipe maji."

Maji hayajafika, dirisha la jikoni lilifunguka, na Msaili akaingia, mnene kuliko alivyotoka, akihema. "Umemwacha dadako anifukuze," alisema. "Kwa nini? Kuna nini unachoficha?" Mwanasha akarudi jikoni, akashika kitufe.

Shemeji Fakii aliporudi kazini alimkuta Mishi amekaa na mwiko mapajani kama askari aliyeshindwa.

"Nilijaribu hivyo mwaka wa kwanza, dada," alisema. "Nilitumia ufagio." Alikuwa mtu mpole, amechoka hadi kope. Kabla hajavua viatu Mwanasha alimuuliza kama jiko limezimwa, naye akajibu, "Limezimwa, mke wangu, naapa," bila hata kutazama, akiwa na jibu tayari mdomoni kama anayenyonya karafuu. Kochini koo lilicheza.

Basi Mishi akaamua kutumia kipaji alichojaliwa, yaani mdomo. Kama maradhi ni maswali, dawa ni majibu, na Mishi hajawahi kupungukiwa na majibu. Alijibu kwa viapo, kwa mizaha, kwa mashairi ya papo kwa papo. "Limezima hadi limesahau moto, mpenzi." "Limezima kama uso wa mke mwenza." Mwanasha alicheka, uso ukafunguka, na kwa muda mfupi alikuwa yule wa zamani. Halafu uso ukajifunga, akauliza tena. Mishi akajibu tena, kwa utamu zaidi.

Sifa zilienea. Majirani walikuja na viti vyao kumsikiliza, na nyumba ikajaa kama anavyopenda. Mjumbe wa mtaa akaleta utepe wa bluu akamvisha, akamtangaza Mjibu Bora, na kusema nchi inajivunia wageni kama yeye. Mishi aliuvaa utepe ule hadi jikoni. Alifurahi sana, na katika furaha hiyo hakuona kwamba mdogo wake, aliyekuwa akifika hadi kizingitini siku alipokuja, sasa hafiki hata ukumbini. Msaili ndiye aliyeujaza ukumbi. Kochi lilikuwa limevunjika.

Aliyemwonyesha ni Tima. Alikuja kujaribishwa gauni, msichana mrefu, mkavu wa maneno, akamkuta mamake ameshika kitufe na Mama Mkubwa ameshika zamu ya kujibu.

"Utepe umekupendeza," Tima alisema. "Utavaa na gauni gani siku ya kukaa kitini?"

"Tima, mimi namsaidia mamako."

"Naona. Nami nilimsaidia hivyo tangu nijue kusema." Akakunja gauni. "Siku niliyohitimu masomo, Mama alifika watu wanaosha masufuria. Alikimbia njia nzima, kiatu kimoja mkononi. Sikumkasirikia. Ila sitaki kumwona akikimbia hivyo tena, ndiyo maana nimekuita wewe."

Mwanasha aliyasikia yote kutoka jikoni.

Wiki hiyo Baraza la Yakini lilikuwa na mjadala, na Mishi, ambaye haoni watu wamekusanyika akapita, alikwenda kusikiliza. Spika alifungua kikao kwa kuuliza kama mlango umefungwa. Karani akaenda kutazama, akarudi, akasema umefungwa. Spika akauliza kama alipotoka kuutazama hakuuacha wazi. Karani akaenda tena. Wazee wa Baraza walikaa kimya kwa heshima. Mishi aliambiwa na jirani yake kwamba hakuna sheria iliyopitishwa tangu ukumbi uwekewe mlango.

Hatimaye hoja ililetwa. Mheshimiwa mmoja mwenye miwani miwili, ya pili ya kuhakiki ya kwanza, alitaka kila nyumba iongezewe Msaili wa kumsaili Msaili. Alipigiwa makofi. Mwingine akataka kituo cha Daktari Zuwena kifungwe, kwa kuwa humo, Mheshimiwa Spika, lile neno hufundishwa watu wazima mchana kweupe.

Daktari Zuwena aliitwa ajieleze. Alikuwa mwanamke wa makamo, aliyesomea mambo haya kwa miaka, ndani na nje ya nchi, na alizungumza bila haraka.

"Daktari," alisema Spika, "una yakini tiba yako inafaa?"

"Yakini kamili sina, Mheshimiwa Spika. Nina utafiti, wangu na wa wenzangu wengi. Na nina watu waliokuwa hawatoki vyumbani, ambao leo wako sokoni wanabishana bei ya mchicha. Si wote wanaopona sawasawa, na wengine huchukua muda. Wengi hupata nafuu."

Ukumbi uliguna. Mtu kusimama mbele ya Baraza akakiri hana yakini, tena uso mkavu, lilikuwa jambo halijaonekana. Waheshimiwa walitaka kupiga kura ya kukifunga kituo papo hapo. Lakini Spika akauliza, je, Baraza lina yakini kwamba kukifunga ni sawa? Wakatazamana. Karani akatumwa kutazama mlango. Na ndivyo kituo cha Daktari Zuwena kinavyoendelea kuwa wazi hadi leo.

Mishi alimfuata daktari nje akamshika mkono kama wamezaliwa pamoja. Akamsimulia yote: kochi, mwiko, kitufe, utepe. Daktari alisikiliza hadi mwisho.

"Yeye mwenyewe anataka kuja?" aliuliza.

"Nitamleta."

"Sikuuliza kama utamleta."

Mishi alirudi nyumbani akitafuta maneno ya kumshawishi mdogo wake, akamkuta Mwanasha amesimama kizingitini, ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nyuma yake Msaili alikuwa ananong'ona mfululizo.

"Dada," alisema, "huyo daktari anayesemwa mtaani anaweza kuja hapa? Mimi kufika kwake bado. Lakini nataka."

Daktari Zuwena alikuja siku iliyofuata. Hakumsalimia Msaili wala hakumtukana, alisogeza miguu yake tu apate pa kukaa. Mwanasha aliinamisha kichwa, na lile swali alilomficha hata mumewe likamtoka kama mwiba.

"Daktari, ananiuliza kama nataka kuua watoto wa watu. Mimi nawapikia mkate wa sinia watoto wale. Mbona ananiuliza mimi? Je, kama kuna kitu ndani yangu yeye anakiona?"

"Msaili hamuulizi mtu asichokijali," alisema daktari. "Mwenye kupenda dini humuuliza kama amekufuru. Mwenye kupenda mtoto humuuliza kama atamdhuru. Kila mtu wa nchi hii ameulizwa maswali ya kutisha, mimi mwenyewe nimeulizwa, ila wengi humpungia mkono wakapita. Wewe swali limekushika pale unapopenda zaidi. Si tabia mbaya, bibi, wala si upungufu wa imani, wala hukujitakia. Ni maradhi, yana jina na yana tiba."

Mwanasha alilia. Fakii naye, mlangoni, alijifanya anakohoa.

Tiba ilikuwa na vidonge, na ilikuwa na mazoezi. Vidonge, daktari alieleza, havimtoi Msaili nyumbani. Humshusha sauti, na huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Mazoezi ndiyo kazi yenyewe. Mwanasha atalifanya jambo linalomwogofya, akianza na dogo, halafu hatarudi kutazama, wala hataapiwa na mtu. Ataiacha hofu ije, ikae, imchome, hadi aone kwamba anaweza kukaa nayo akaendelea na shughuli zake.

"Na nyumba ikishika moto?" aliuliza Mwanasha.

"Labda," alisema daktari.

Lile neno lilianguka katikati ya nyumba yenye kibao cha shaba. Msaili aliinuka akaketi. Fakii alichungulia dirishani kama kuna mtu aliyesikia.

"Hakuna mtu katika nchi hii, wala nyingine, mwenye uhakika zaidi ya huo," daktari aliendelea. "Wengine wanaishi nao. Utajifunza kuishi nao." Kisha akageuka. "Sasa wewe, Bi Mishi. Na wewe, Bwana Fakii. Huyu mnayemwona kochini, nani amempikia?"

Hapo Mishi alielewa. Mpishi wa shughuli, anayejivunia kwamba hakuna aliyekula kwake akatoka na njaa, alimtazama Msaili, tumbo limemwagika hadi sakafuni, akatambua kazi ya mikono yake. Alivua utepe wa bluu, akaukunja mdogo mdogo, asijue auweke wapi.

"Mlifanya kwa mapenzi," alisema daktari. "Sasa mapenzi hayo mtayatumia kwingine. Mkiulizwa, mseme hivi: naona unaogopa, swali hilo silijibu, lakini niko hapa nawe. Tumekubaliana wote, na Bi Mwanasha mwenyewe ametaka."

"Nimetaka," alisema Mwanasha. "Dada, hata nikikulilia."

Jamani, mmewahi kumwona msemaji akizuiwa kusema? Siku za kwanza Mishi aliteseka kuliko mgonjwa. Mwanasha aliacha dirisha la chumbani bila kulirudia, akakaa kitandani anatokwa jasho, akiuliza kwa sauti ya mtoto, "Dada, limefungwa?" Na Mishi, majibu yamemjaa shavuni kama visheti, alisema, "Naona unaogopa, mdogo wangu. Hilo silijibu. Niko hapa." Kisha akaenda ukumbini kuuma mto. Wakati mwingine alishindwa, neno likamponyoka, na koo la kochini likacheza. Siku inayofuata wakaanza upya.

Majirani walichukua viti vyao wakaondoka wakisema Mishi ameharibika, amekuwa na roho ngumu. Kwa mtu mwenye kupenda nyumba iliyojaa, hilo lilimchoma. Alilimeza.

Siku moja Mwanasha alikaa mbali na jiko kutwa nzima, na ilipofika jioni alikuwa amechanganyikiwa, kama mtu aliyesikia kelele ikikatika. "Hofu iliniwasha," alisema, "halafu ikaendelea kuniwasha, halafu nikawa nakuna nazi, nikasahau kuitazama."

"Ni kama pilipili," alisema Mishi polepole, maana hapa alikuwa nyumbani kwake. "Inakuunguza ulimi, unakimbilia maji, maji yanaieneza, unakimbilia mengine. Ukikaa nayo mdomo wazi, machozi yanakutoka, unatukana aliyeileta, halafu inapoa. Hukufanya kitu."

Walipomwambia daktari alicheka, akasema atalitumia hilo kwa wagonjwa wengine kwa ruhusa yake. Mishi alijisikia kuliko siku ya utepe.

Msaili hakufa, asije mtu akawadanganya. Alikuwa akipiga kelele zaidi kila aliponyimwa, hasa mwanzoni, akitoa vitisho vipya kama muuzaji anayefungasha. Lakini koti lilianza kumpwaya. Wiki ya harusi alikuwa amerudi kwenye kigoda, ingawa bado mzito, na alikuwa na sauti ya kutosha kumtoa mtu jasho.

Siku yenyewe, asubuhi, Mwanasha alisema, "Nitachemsha chai kwanza." Mishi alimtazama. Angeweza kuliacha jiko bila kuliwasha, wote wakatoka salama. Mwanasha aliwasha, akachemsha chai, wakanywa, na akazima kwa mkono mmoja bila kutazama, mkono wa pili ukifunga leso. Kisha akaenda mlangoni.

"Una yakini?" Msaili alisema.

Mwanasha alisimama. Mgongo wake Mishi aliujua tangu utotoni, na sasa aliuona ukikakamaa.

"Dada," Mwanasha alisema bila kugeuka. "Nimezima?"

Mishi alikuwa amesimama hatua chache kutoka jikoni. Kugeuza shingo tu angeliona jiko, akaimaliza shida yote kwa neno, na njia ingekuwa nyepesi. Hakugeuza shingo. Aliushika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Naona unaogopa, mdogo wangu. Niko hapa."

Fakii alifumba macho. Halafu Mwanasha, juu ya kizingiti chake, chini ya kibao cha shaba, alisema kwa sauti iliyosikika barabarani: "Labda nimezima. Labda sikuzima. Mwanangu anaolewa."

Akatoka.

Walipita sokoni. Mwanasha hakukimbia. Watu waligeuka kumtazama, maana neno lile lilikuwa limewatangulia, na Mishi alitembea kando yake kidevu juu kama anayesindikiza sultani. Mjumbe wa mtaa alifungua mdomo kutaja sheria, akaiona sura ya Mishi, akakumbuka mwiko, akafunga.

Ukumbini kiti cha mama kilikuwa kitupu, na Tima alikuwa amesimama kando yake amevaa, akimngoja Mama Mkubwa. Aliona watu wakipisha njia. Alimwona aliye mbele. Uso wake mkavu ule ukavunjika, na akalazimika kushika mgongo wa kiti.

Mwanasha alikaa. Tima akapiga magoti. Koja likaletwa. Na hapo hapo, kwa kuwa dunia haina haya, akina mama wa upande wa pili wakachochea chetezo, na moshi wa udi ukajaa ukumbi mzima.

Msaili alikuwa amewafuata. Alitokeza kichwa dirishani. "Unasikia harufu ya moshi, Mwanasha? Inatoka upande wa kwako."

Mikono ya Mwanasha iliganda na koja hewani. Mishi aliona macho yakimtafuta, akajua swali lenyewe, na akajua jibu. Akabana midomo hadi ikawa myeupe. Ukumbi mzima ulingoja, kila mtu akiwa na jibu la kumpa, na hakuna aliyelitoa. Sijui nani aliwaambia. Nadhani waliiga kwa Mishi.

Mwanasha alivuta pumzi, na moshi wake, hadi ndani.

"Labda ni nyumba yangu," alisema. "Labda ni udi. Inama kidogo, Tima, nywele zako zimekuwa ndefu."

Akamvisha. Koja likakaa upande kidogo, na hakulirekebisha. Vigelegele vilianza kwa Mishi. Siku nyingi za kunyamaza zilimtoka kwa mkupuo mmoja, na wanasema vilisikika hadi mpakani, ambako afisa alijiuliza ni nini, akakosa wa kumuuliza.

Mishi amerudi. Ukimkuta anajigamba, na atajigamba, hatakwambia kuhusu pilau aliyoipika huko, ingawa ilisifiwa. Atakwambia kuhusu mdogo wake, aliyechemsha chai siku ya harusi. Anasema kile kibao cha shaba kiling'olewa, na Mwanasha huokea juu yake mkate wa sinia wa watoto wa jirani. Anasema Msaili bado yupo kigodani, kuna siku huamka na sauti ya zamani, na siku hizo Mwanasha hufanya mazoezi yake na humwona daktari.

Naona yule pale anataka kuuliza. Mwingine huyu. Mnataka kujua kama lile jiko lilikuwa limezimwa. Nami nilimuuliza Mishi, nikamng'ang'ania, yeye ambaye hajawahi kuninyima habari. Alinimiminia chai, akanitazama, akatabasamu kama mwenye mali.

"Labda," alisema.